Mwalimu wa Kwaya Aliyetuachia Wimbo wa Taifa: Enoch Sontonga na Deni la Morogoro

Wanafunzi wa Tanzania husimama mstarini asubuhi na kuimba wimbo wa taifa. Huuimba pia askari, wachezaji wa mpira na watumishi wa umma katika hafla za kiserikali. Ukiwauliza ulitungwa na nani, wengi hunyamaza. Wachache husema ulitungwa na serikali wakati wa uhuru. Ukweli ni kwamba tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na kijana wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg. Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga. Makala haya yanahusu maisha yake mafupi, safari ndefu ya wimbo wake, na sababu zinazoufanya mji wa Morogoro kuwa na haki, na pia wajibu, wa kumkumbuka.

Sontonga alizaliwa Uitenhage, katika Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini, yapata mwaka 1873. Alisomea ualimu Lovedale, chuo cha kimisheni kilichoelimisha vizazi kadhaa vya Waafrika wa eneo hilo, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya Wamethodisti huko Nancefield. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, na Johannesburg ilikuwa ikivuta maelfu ya wanaume kutoka vijijini kwenda migodini. Mwalimu alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache mjini humo walioishi kwa kalamu badala ya sururu. Alimwoa Diana Mgqibisa, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Mbali na ualimu alikuwa mpiga picha, na alikuwa akiwatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika kwa mkono katika daftari.

Tunapaswa kuielewa vizuri kazi ya mwalimu wa aina hii, kwa sababu hata sisi tunaifahamu. Katika shule za misheni za Tanganyika, na Uluguru ikiwamo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni tangu miaka ya 1880, mwalimu alikuwa pia katekista, mwandishi wa barua za kijiji na kiongozi wa kwaya. Asubuhi alifundisha hesabu, jioni alifundisha sauti. Kinanda hakikuwapo, au kilikuwapo kimoja tu kwenye kanisa kuu la misheni. Nyenzo yake kuu ilikuwa solfa, mfumo ulioenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Mfumo huo huandika muziki kwa herufi za kawaida, hivyo mtu mwenye ubao na chaki aliweza kuwafundisha watu wazima na watoto kuimba kwa sauti nne bila ala yoyote. Wamisionari waliuleta kwa ajili ya tenzi zao. Walimu Waafrika wakautumia kutunga nyimbo zao wenyewe.

Hivyo ndivyo Sontonga alivyofanya. Alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha wimbo unaoitwa Nkosi Sikelel' iAfrika, yaani ombi kwa Mungu aibariki Afrika. Kwa muundo ni utenzi wa kanisani: tuni fupi, inayoimbika kwa urahisi, iliyopangwa kwa sauti nne. Uzito wake umo katika jina analolitaja. Mwalimu huyo hakuliombea kabila lake, wala koloni alimozaliwa, wala malkia aliyetawala kutoka London. Aliiombea Afrika nzima, miaka 13 baada ya mataifa ya Ulaya kuanza mkutano wa Berlin wa kuwekeana masharti ya kuigawana.

Wimbo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumsimika mchungaji wa Kimethodisti. Mwaka huohuo vita vya Waingereza na Makaburu vilianza. Sontonga aliishi miaka michache tu baadaye. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa takriban miaka 32, akazikwa katika makaburi ya Braamfontein. Hakuacha kitabu kilichochapishwa. Inasimuliwa kwamba daftari lake la nyimbo liliazimwa na ndugu na marafiki mpaka likapotea. Katika kumbukumbu za makaburi alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch pekee, na kwa sababu hiyo kaburi lake halikujulikana kwa miongo mingi. Lilipotambuliwa, Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa kumbukumbu hapo tarehe 24 Septemba 1996, miaka 91 baada ya kifo chake.

Wimbo haukumsubiri. Kwaya za shule ziliubeba, hasa kwaya ya Ohlange, shule iliyoanzishwa na John Dube. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi walipokutana Bloemfontein kuunda chama kilichokuja kuitwa African National Congress, uliimbwa mkutanoni. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliurekodi kwenye santuri jijini London. Mwaka 1925 chama kiliufanya rasmi wimbo wa kufungia mikutano yake, na mwaka 1927 zikachapishwa beti za nyongeza zilizotungwa na mshairi Samuel Mqhayi. Utenzi wa darasani ukawa wimbo wa siasa pasipo kubadilishwa tuni.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 iliichukua tuni hiyo na kuipa maneno ya Kiswahili. Zambia iliitumia kuanzia 1964, Zimbabwe kuanzia 1980 hadi 1994, na Afrika Kusini yenyewe kuanzia 1994. Hebu tuutazame mpangilio uliochaguliwa na Watanganyika. Ubeti wa kwanza unaiombea Afrika. Nchi yetu inatajwa katika ubeti wa pili. Kila anayeuimba hukiri, apende asipende, kwamba Afrika inatangulia. Maneno kama hayo ni rahisi kuyaimba. Gharama yake hudaiwa baadaye, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ililipiwa Morogoro.

Oliver Tambo alitoroka Afrika Kusini mwaka 1960, muda mfupi baada ya mauaji ya Sharpeville, na Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kukipokea chama chake. Katikati ya miaka ya 1960 ofisi za chama zilihamia Morogoro. Huko ndiko ulikofanyika mkutano wa mashauriano kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969. Mkutano huo haukuwa sherehe. Wapiganaji vijana, Chris Hani akiwa miongoni mwao, walikuwa wameandika waraka mkali wa kuwalaumu viongozi baada ya kampeni ya Wankie ya mwaka 1967. Morogoro iliwapa mahali pa kugombana na kupatana. Walitoka na mkakati mpya, na uanachama wa chama walioko uhamishoni ukafunguliwa kwa watu wa rangi zote.

Baada ya maasi ya Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya vijana walivuka mipaka bila kumaliza shule. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilikipa chama hicho ardhi Mazimbu, nje kidogo ya mji, katika lililokuwa shamba la mkonge. Hapo kilijengwa chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Baadaye iliongezwa ardhi nyingine Dakawa. Mazimbu palikuwa na shule ya watoto wadogo, ya msingi na ya sekondari, hospitali, karakana na mashamba. Palikuwa pia na makaburi, kwa kuwa si wote waliopata kurudi kwao. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa serikali, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Kwa miaka ile, basi, wimbo wa Sontonga ulikuwa na makao mawili chini ya milima ya Uluguru. Wakimbizi wa Mazimbu waliuimba kwa Kixhosa, Kizulu na Kisotho kama wimbo wa nchi waliyokuwa bado hawajaikomboa. Jirani zao katika shule za Morogoro waliuimba kwa Kiswahili kama wimbo wa nchi waliyokuwa nayo. Tuni ilikuwa moja. Tambo mwenyewe, mwalimu wa sayansi na hesabu kwa taaluma na Mwanglikana aliyewahi kukusudia kuwa padre, alikuwa mpenzi mkubwa wa kwaya na alijua kuiongoza. Kwa watu wa malezi hayo, mazoezi ya kwaya yalikuwa shule ya siasa: mtu hujifunza kuishika sauti yake huku akisikiliza ya mwenzake, na hujifunza kwamba anayepiga kelele kuliko wote huharibu wimbo.

Historia hii inatuuliza maswali mawili. La kwanza ni la Afrika Kusini na sisi sote. Mwaka 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa nchini humo katika mashambulizi dhidi ya wageni, wengi wao Waafrika kutoka nchi jirani. Nasi hapa nyumbani hatuna kinga dhidi ya maneno ya kumbeza mkimbizi. Wimbo unaoitaja Afrika kwanza haumzuii mtu kushika rungu. Unachofanya ni kumnyima kisingizio cha kusema hakujua.

Swali la pili ni la sera. Bajeti inapobana, muziki huwa miongoni mwa masomo ya kwanza kuitwa ya ziada, na mwalimu wa kwaya huonekana mtu wa kuburudisha wageni siku ya mahafali. Lakini matini inayotamkwa na Watanzania wengi kwa pamoja kuliko nyingine yoyote ya kitaifa ilianzia kwa mwalimu wa namna hiyo. Hakuwa na cheo, wala hakuagizwa na wizara. Alikuwa na wanafunzi, chaki na daftari.

Na daftari hilo lilipotea. Hapa ndipo Morogoro inapoweza kulipa sehemu ya deni. Katika vijiji vya Matombo, Mgeta na kwingineko Uluguru wapo walimu wa kwaya waliotunga nyimbo kwa miaka mingi na kuziandika kwa solfa katika madaftari yanayoliwa na mchwa. Mkoa una vyuo vikuu, una parokia na sharika, una maofisa utamaduni wa wilaya. Kuyakusanya madaftari hayo, kuyapiga picha na kuandika majina kamili ya watunzi hakuhitaji mfadhili kutoka nje. Kunahitaji mwanafunzi mwenye simu, barua ya utambulisho kutoka ofisi ya wilaya, na kiongozi anayeamini kwamba kazi ya mwalimu wa kijijini ni sehemu ya historia ya nchi. Sontonga aliandikwa makaburini kwa jina moja, ikatuchukua miaka 91 kumpata. Walimu wetu wa Uluguru tunaweza kuwaandika sasa, wakiwa hai.