Risasi na Uhalali wa Mawindo: Kutoka Gobori za Karonga hadi Raifo za Leo

 

Tangu zilipotoka kanuni za biashara ya nyamapori mwaka 2020, na mabucha ya nyama hiyo kuruhusiwa nchini, swali lililokuwa la wawindaji wachache limekuwa la kila mwenye kushika kikapu kwenda sokoni. Mnyama huyu ameuawa kwa chombo gani, na je, chombo hicho kinamhalalisha? Katika Kyela na vijiji vya ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia Mto Songwe hadi Matema, swali lina uzito zaidi. Waislamu huko ni wachache kati ya majirani Wakristo, na paja la pongo likiletwa nyumbani kwa wema, mwenye nyumba hana nafasi ya kumhoji aliyelileta.

Wengi hulijibu swali hili kwa kutaja Bismillahi peke yake. Hilo ni jambo kubwa. Jumhuri ya wanachuoni wameliwajibisha na Mashafi'i wamelifanya sunna iliyokokotezwa. Lakini katika milango ya mawindo fuqahaa wanauliza pia juu ya chombo. Aya ya tatu ya Suratul Maida inamtaja mnyama aliyekufa kwa kupigwa, yaani mawqudha, pamoja na mzoga na aliyeanguka. Adiy bin Hatim (r.a.), mwana wa Hatim Tai na mwindaji hodari, alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mi'radh, fimbo nzito yenye ncha. Jibu alilopewa, kama walivyolipokea Bukhari na Muslim, ni kwamba kinachouawa kwa ncha kuliwa, na kinachouawa kwa ubavu wa fimbo ni mawqudha na hakiliwi. Fimbo ni ile ile, mkono ni ule ule na Bismillahi ni ile ile. Kilichobadilisha hukumu ni jinsi mti ulivyoingia mwilini: umetoboa au umeponda.

Hapa ndipo bunduki inapoingia, na jina lake lenyewe limewachanganya watu. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na huko bunduq asili yake ni tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu, kisha likawa jina la kijitufe cha udongo kilichorushwa kwa upinde kuwapiga ndege. Ibn Umar (r.a.) alisema kwamba ndege aliyeuawa kwa kijitufe hicho ni mawqudha. Baruti ilipokuja, jina la kijitufe likahamia kwenye chombo cha moto. Hata risasi kwa Kiarabu ni jina la madini tu. Mwanafunzi anayefungua kitabu cha karne ya saba Hijria akaona bunduqa imeharamishwa, asidhani kwamba mwandishi aliwahi kuona raifo.

Lakini wapo walioiona bunduki ya moto na wakaizungumzia, tena wa madhehebu yetu. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa kwa vizazi katika madrasa za pwani yetu, aliharamisha kilichouawa kwa kitu kizito kisicho na makali, na akaitaja bunduqa kwa maana yake ya zamani. Washereheshaji wake wawili wakubwa, Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, na Shamsuddin ar-Ramli, aliyefariki mwaka 1004, waliishi zama za baruti. Walisema kwamba kulipiga windo kwa bunduki ya moto ni haramu, kwa sababu huunguza na aghlabu huua papo hapo bila ya kuwa na makali. Walimtoa katika hukumu hiyo mpigaji stadi anayejua kwamba risasi yake itamvunja bawa ndege mkubwa tu, asife, kisha akamatwe na kuchinjwa. Katika Mahanafi, Ibn Abidin wa Dameski, aliyefariki mwaka 1252 (1836), naye alikataa, akiona kuwa risasi ya madini huua kwa kuunguza na kwa uzito wa msukumo.

Magharibi walikwenda njia nyingine. Wanachuoni wa Fas, akiwamo Sheikh Abdulqadir al-Fasi, aliyefariki mwaka 1091, walihalalisha kilichouawa kwa risasi, na ad-Dardir na ad-Dasuqi wa Misri wakaichukua kauli hiyo. Hoja yao ni nyepesi kuieleza na nzito kuijibu: risasi humwaga damu na kuharakisha kifo, na hilo ndilo lililokusudiwa na sheria ya kuchinja. Ash-Shawkani wa Yemen alifika hapo hapo kwa kipimo cha hadithi ya Adiy. Risasi hutoboa, tena mara nyingi huingia upande mmoja na kutokea wa pili, jambo ambalo mshale mwingi hauliwezi. Wanachuoni wengi wa zama zetu wako na kauli hii.

Sisi tunaona kwamba khitilafu hii haiwezi kueleweka bila historia ya bunduki yenyewe, na historia hiyo ina ukurasa wake katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa.

Bunduki zilizofika huko katika karne ya kumi na tisa zilikuwa gobori. Hushindiliwa kwa mdomo: baruti, kitambaa, kisha goroli la risasi au kipande cha chuma kilichopatikana. Mtutu wake ni laini ndani, hauna mifuo ya kuizungusha risasi. Gobori la kijeshi la Kiingereza lilikuwa na mtutu wa upana wa karibu milimita 19, na goroli lake halikubana vizuri humo, hivyo likitoka liliyumba. Baada ya hatua 60 au 70 mpigaji alibahatisha. Goroli lilikwenda polepole, lilikuwa butu, likavunja mfupa na kuponda nyama. Anayeisoma Tuhfa ya Ibn Hajar akiwa na chombo cha namna hii akilini hashangai kwamba sheikh hakukubali kukiita mshale.

Makadirio ya ubalozi wa Kiingereza Zanzibar mwaka 1888 yalitaja kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilizopita bandarini kwa mwaka. Sehemu yake ilipanda bara pamoja na misafara ya pembe. Mlozi bin Kazbadema, aliyejenga boma lake Mpata karibu na Karonga, ng'ambo ya Songwe, alikuwa na wawindaji wa tembo wenye gobori. Kampuni ya Maziwa ya Waskoti, iliyoundwa Glasgow mwaka 1878, ilikuwa na duka lake Karonga kwa ajili ya pembe hizo hizo. Mwezi Oktoba 1887 watu wa Mlozi waliwaua Wangonde wengi kwenye kinamasi cha Kambwe, na vita vikaanza baina yao na Kampuni. Frederick Lugard, aliyekuja baadaye kuwa gavana mashuhuri wa Kiingereza, alijeruhiwa vibaya mwezi Juni 1888 akilishambulia moja ya maboma hayo. Vita vilikwisha kwa suluhu mwaka 1889, vikarudi, na Desemba 1895 Harry Johnston akalivunja boma la Mpata na kumnyonga Mlozi. Watu walikamatwa na kuuzwa katika biashara ile, na aliyefanya hivyo huku akibeba jina la Uislamu hapati kwetu mtetezi.

Hapa tuseme jambo moja nje ya mada kidogo. Tembo kwa madhehebu ya Shafi'i haliwi, awe amepigwa kwa risasi yoyote ile. Pembe yake, kwa kauli iliyo mashuhuri ya madhehebu hayo, ni najisi, na kuuza kilicho najisi kwa dhati yake hakusihi. Abu Hanifa aliihesabu kuwa tohara. Hata hivyo inafaa watu wa tarehe watazame jinsi biashara iliyojenga majumba ya pwani ilivyosimama juu ya bidhaa ambayo vitabu vya sehemu kubwa ya watu wa pwani hiyo vilikuwa na neno zito juu yake.

Wazungu walipokutana Brussels na kuandika mkataba wa mwaka 1890, walipiga marufuku bunduki za kisasa zenye mtutu wa mifuo kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, isipokuwa kwa masharti mikononi mwa watu wao na majeshi yao. Mwafrika aliachiwa gobori la jiwe la cheche na baruti ya kawaida. Lengo lao lililotangazwa lilikuwa kuzuia biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba bunduki ziliitumikia biashara hiyo. Lakini matokeo yake kwa wanyama hayakuwekwa katika hesabu. Mwindaji wa Kinyakyusa alibaki na chombo kinachojeruhi zaidi ya kinavyoua, na mgeni akawa na chombo kinachoua kwa mbali. Kisha mgeni huyo akamlaumu mwenyeji kwa ukatili wa uwindaji wake! Wajerumani, waliojenga kituo chao cha Langenburg ufukweni mwaka 1893, walitoa amri ya uwindaji ya koloni zima mwaka 1896 chini ya Gavana Wissmann, na leseni zikawa sharti.

Katika safari za wawindaji wa Kizungu za miaka iliyofuata, vitabu vyao vinarudia tukio moja: mnyama akianguka, mtumishi Mwislamu hukimbia na kisu kumchinja kabla roho haijatoka. Wapo walioudhika, kwa kuwa kisu kiliharibu ngozi ya shingo waliyotaka kuipeleka ukutani kwao. Wao waliona ushirikina au ukaidi. Ukweli ni kwamba maskini yule mbeba mizigo alikuwa akitekeleza kauli ya Ibn Hajar na ar-Ramli kwa miguu yake: risasi imemzuia mnyama tu, na kisu ndicho kinachohalalisha.

Tukija kwenye kipimo cha mtutu, ambacho wataalamu wa silaha hukiita kaliba, na wengi wa wanalugha wanaona asili ya neno hilo ni qalib la Kiarabu, sawa na kalibu yetu ya kumiminia madini, mizani ya sheria tunayo tayari. Kwanza ni kutoboa. Pili ni ihsani, kama ilivyo katika hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) aliyoipokea Muslim, inayoamrisha kuua kwa wema, kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Kunoa kisu kwa mwenye bunduki ni kuchagua risasi inayomfaa mnyama aliye mbele yake. Hadithi ya Abdullah bin Mughaffal (r.a.) inakataza kurusha vijiwe kwa vidole, kwani havileti windo bali hung'oa jicho na kuvunja jino. Tunaona kwamba mwenye kumpiga pongo wa kilo 50 kwa bunduki ndogo ya .22 hayuko mbali na mrusha vijiwe. Mnyama hukimbia na risasi tumboni, hufia kichakani siku ya pili, na hakuna anayefaidika naye ila fisi.

Kwa swala wa kadiri ya pongo na tohe, risasi ya raifo yenye ncha, ya milimita 6 hadi 8, ikipita mapafuni au moyoni, hutoboa bila shaka na huua haraka. Kwa nyati sheria za uwindaji za nchi yetu zimeweka .375, yaani milimita 9.5, kuwa kiasi cha chini, na hilo linakubaliana na ihsani kabisa. Kubwa mno kwa mnyama mdogo nalo ni israfu, kwani huiharibu nyama. Lakini upana wa mtutu si kila kitu. Mskoti W. D. M. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa raifo ndogo ya milimita 7, kwa sababu alijua ubongo ulipo. Hatumtaji kwa kumsifu, maana idadi hiyo ni msiba. Tunamtaja kwa kuwa anathibitisha sharti la Ibn Hajar la ustadi wa mpigaji.

Kuna risasi zenye ncha laini zinazopanuka ndani ya mwili. Mkutano wa The Hague mwaka 1899 ulizikataza vitani, na wawindaji huzipendelea kwa sababu hufupisha mateso ya mnyama. Kwa kuwa huingia kwa kutoboa kwanza, hatuoni kwamba zinaingia katika mawqudha. Ama gobori na marisau ya shotigani, kauli ya kuhalalisha ina wenyewe na haifai mtu kumkufurisha au kumfasikisha ndugu yake anayeifuata. Ihtiyati kwa Mshafi'i ni kuwa na kisu na kumwahi mnyama. Akimkuta na uhai uliothibiti, kuchinja ni wajibu kwa madhehebu zote, hata kama risasi ilikuwa ya raifo bora kuliko zote.

Linabaki jambo ambalo watu wa Kyela wanalihitaji kuliko wa Dodoma. Nchi yao ni ya maji: Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, na mabwawa ya matete ufukweni. Windo lililojeruhiwa hukimbilia majini. Adiy (r.a.) alifundishwa kwamba akiliona windo lake baada ya siku na hakukuta ila athari ya mshale wake, ale, lakini akilikuta limezama majini, asile, kwani hajui ni maji yaliyoliua au ni mshale. Kadhalika anayewinda kwenye miteremko ya milima ya Livingstone juu ya Matema: mnyama akiporomoka genge baada ya jeraha lisilokuwa la kuua, huyo ni mutaraddiya aliyetajwa katika aya. Risasi ikiwa ilipita moyoni kabla ya kuanguka, fuqahaa wamesamehe anguko. Kwa hiyo udogo wa risasi unaweza kuigeuza nyama kuwa haramu hata pale Bismillahi ilipotajwa na mpigaji akawa Mwislamu, kwa sababu tu mnyama alipata nguvu ya kufika majini.

Suala la mpigaji asiye Mwislamu, na mipaka ya mawindo ya Ahlul Kitab ambayo Imam Malik hakuyaruhusu na jumhuri wameyaruhusu, lina mlango wake na hatuliingii hapa. Imamu anayeulizwa juu ya bucha la nyamapori aanze na maswali mawili: mnyama ana kibali cha halali, na je, alichinjwa akiwa hai au alikufa kwa risasi, na ya aina gani? Mwuzaji anayefuata kanuni anaweza kuyajibu. Asiyeweza kuyajibu, mnunuzi ana ruhusa ya kupita akanunue samaki wa ziwani, ambaye hana haja ya kisu wala risasi. Wallahu a'lam.