Mji Ulioachishwa Kazi

Ndugu msomaji, mtu kuachishwa kazi si habari. Leo yuko ofisini, kesho yuko kijiweni, na mtaa mzima unajua. Lakini je, umewahi kusikia mji mzima ukiachishwa kazi? Basi tega sikio, maana mji huo upo na sisi wengine ndimo tulimokulia. Ni Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi.

Watu wengi wakisikia "mwisho wa reli" huwaza Kigoma. Wanasahau kwamba pale Kaliua, magharibi ya Tabora, reli inazaa mtoto. Mtoto huyo anakata kushoto, anapiga pori la miombo kwa kilomita zipatazo 210, anaishia Mpanda. Sasa jiulize: ni nani aliyekuwa na kiherehere cha kutandika reli ndefu namna hiyo kuelekea porini, tena enzi za mkoloni ambaye hakutoa senti bila kuhesabu atarudishiwa ngapi? Jibu la swali hilo ndilo mwanzo wa hadithi yetu.

RISASI ILIYOJENGA MJI

Mwaka 1934 mtafiti wa madini aliyeitwa de la Vallée Poussin aligundua risasi katika ardhi ya Mpanda. Risasi ninayoisema hapa si ile ya kutoka kwenye mtutu wa bunduki, ingawa na yenyewe hutengenezwa kwa madini hayo hayo. Ni ile metali nzito ya kijivu inayotiwa kwenye betri za magari. Ndani ya mawe hayo mlikuwamo pia fedha, shaba na dhahabu kidogo.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Ulaya ilikuwa magofu na ilihitaji metali za kila namna ili kujijenga upya. Kampuni ya Uruwira Minerals ikajikita Mukwamba, jirani na pale ulipo mji wa sasa. Lakini mzigo wa risasi haubebwi kichwani wala haupakiwi kwenye baiskeli. Ndiyo maana reli ikaja. Ilifika Mpanda mwaka 1950, na mabehewa yakaanza kushuka na mzigo kwenda Kaliua, Tabora, mpaka bandarini Dar es Salaam.

Hebu fikiria mabadiliko hayo. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe walikuwa wakulima, warina asali na wawindaji. Saa zao zilikuwa jua na mvua. Mara wakatokea watu wanaohesabu maisha kwa mwisho wa mwezi. Ukiwa na kazi mgodini unalipa kodi ya mkoloni bila kukimbia porini, unamnunulia mkeo kitenge, unatembea kifua mbele. Hapo ndipo ukaingia ugonjwa ambao sisi vijana wa leo tumeurithi mzima mzima: mtu kuulizwa "wewe ni nani?" naye akajibu kwa kutaja kazi yake.

MWAKA 1960

Furaha ile haikudumu. Mwaka 1957 bei ya risasi katika soko la dunia iliporomoka. Mwaka 1958 Marekani, katika kuwalinda wachimbaji wake wa nyumbani, ikaweka kikomo cha risasi na zinki ya kuingizwa nchini mwake kutoka nje. Mchimbaji wa Mukwamba, ambaye pengine hakuwahi hata kuiona bahari, alikuwa amefungwa kamba moja na watu wa Washington asiowajua. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa.

Soma mwaka huo tena: 1960. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikapata uhuru wake, na wito wa TANU ulikuwa "Uhuru na Kazi". Nchi nzima inaambiwa ifanye kazi, na Mpanda ndiyo kwanza imetoka kuipoteza!

Na angalia jinsi wazee wetu walivyokosa bahati. Sheria ya kumlipa mfanyakazi kiinua mgongo anapoachishwa ilipitishwa mwaka 1962. Mfuko wa Taifa wa Akiba, ambao baadaye, mwaka 1997, ulizaa NSSF, ulianzishwa mwaka 1964. Sheria ya kumzuia mwajiri asimfukuze mtu kwa kujisikia tu nayo ni ya 1964. Zote hizo zilikuja baada ya lango la mgodi kufungwa. Waliotoka Mukwamba walitoka kabla ya mwavuli kushonwa, na mvua ikawanyeshea.

KILICHOBAKI

Sasa jambo la kushangaza ni kwamba Mpanda haikufa. Kwa nini?

Tulinganishe na Nachingwea. Huko kusini mkoloni alijenga reli kutoka Mtwara kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kutupiliwa mbali mwaka 1951. Karanga zilishindikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Kongwa nayo ilikuwa na kipande chake cha reli ya karanga, kikang'olewa vilevile. Lakini Urambo, uliokuwa mradi wa tatu wa karanga, haukupotea. Upo kwenye reli ya kati, na wakulima wake waliingia kwenye tumbaku, ukasimama.

Mpanda ilifuata njia ya Urambo. Mgodi ulikwenda, reli ikabaki. Mabehewa yaliyokuja kwa ajili ya risasi yakabeba mahindi, mpunga, tumbaku na asali. Kisha wakaja watu waliopoteza kuliko wote. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakimbizi walifunguliwa makazi ya Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Hao hawakupoteza kazi tu. Walipoteza nyumba, ndugu na nchi. Wakapewa pori na majembe. Baada ya miaka michache walikuwa wanajilisha wenyewe na wanauza ziada. Wengi wao wamekuwa raia wenzetu baada ya serikali kuwapa uraia, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014.

Funzo ninalolichota hapa ni hili: kazi ikiondoka haiondoki na kila kitu. Kuna reli inayobaki. Kwa mtu mmoja mmoja, reli hiyo ni ujuzi aliouchuma kazini, watu aliofahamiana nao, na shamba au biashara ndogo aliyokuwa nayo pembeni. Balaa ni pale mtu anapoing'oa reli yake mwenyewe kwa hasira au kwa aibu.

AIBU ILIYOTUNGIWA SHERIA

Aibu hii nayo ina historia yake. Mwaka 1983 nchi yetu ilitunga sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Dar es Salaam watu wasio na ajira walikamatwa barabarani, wakaitwa wazururaji, wakapelekwa vijijini wakalime. Yaani kukosa kazi kukawa kama kosa la jinai! Sheria ile makali yake yaliisha, lakini macho yake yalibaki. Mpaka leo kijana akionekana amekaa barazani saa 4 asubuhi, watu wanamtazama kama askari wa mwaka 1983.

Kisha ikaja miaka ya 1990 na neno lililotisha kuliko ukame: redandansi. Serikali ilipunguza watumishi wapatao 50,000 katikati ya miaka hiyo, na mashirika ya umma yakabinafsishwa moja baada ya jingine. Reli yenyewe haikupona. Mwaka 2007 ilikabidhiwa kwa kampuni ya RITES ya India kwa ubia na serikali, na ilipofika mwaka 2011 ubia huo ukawa umevunjika. Wenye umri wa baba zetu waliosomeshwa na reli, wakaoa kwa reli, wakajenga kwa reli, walijifunza kwa machungu kwamba shirika si mzazi.

Tuliokulia mitaa ya Mpanda tunazijua hadithi za waliopokea kitita. Mwezi wa kwanza marafiki kumi. Mwezi wa tatu marafiki wawili. Mwezi wa sita ukata mtupu, na mzee anavaa shati lile lile la ofisini, lililopigwa pasi, anakwenda nalo mpaka stesheni kutazama treni ikiingia. Tukiwa watoto tulimcheka. Leo sicheki.

Sicheki kwa sababu nami yamenikuta. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya kuhesabu magunia kwenye ghala moja. Mwaka wa pili tukaambiwa hesabu hazilipi, tukae nyumbani. Msomaji, ukweli wa Mungu, kilichouma hakikuwa mshahara. Ilikuwa saa 1 asubuhi. Kila mtu ana pa kwenda, wewe huna. Mchana unakuwa mrefu kama safari ya treni ya mizigo. Mama aliniona nimejikunyata, akasema, "Mwanangu, kazi ndiyo iliyoondoka. Wewe bado upo. Amka ukateke maji." Nikaenda kuteka maji. Siwezi kusema nilipona siku hiyo, ila siku ilipata mwanzo.

TUNA MWAVULI, TUUFUNGUE

Tofauti kati yetu na wazee wa Mukwamba ni kwamba sisi mwavuli tunao, ila wengi hatujui hata kuufungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na azungumze na wafanyakazi kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi hudai kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka 10.

Tupige hesabu. Mshahara shilingi 260,000 kwa mwezi, kwa siku 26 za kazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Siku 7 ni shilingi 70,000. Miaka minne ni shilingi 280,000. Si utajiri, lakini ni kodi ya chumba na gunia la mahindi wakati unajipanga. Ukiona umeachishwa kwa uonevu, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukilala, haki nayo inalala. Tena tangu sheria ya mwaka 2018 kuna fao la kukosa ajira kwa mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii aliyechangia angalau miezi 18 na kuachishwa bila kupenda: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa hiyo ungali kazini, uliza kama michango yako inapelekwa kweli. Usingoje siku ya barua.

Na fedha yoyote utakayopata, ikate mafungu kabla rafiki hawajaikata: chakula kwanza, kodi ya chumba, kisha mtaji, hata kama ni wa kuuza maandazi. Kama uko kwenye kikoba au mchezo wa kupeana, waambie wenzako mapema kwamba mambo yamebadilika. Hapo ndipo wengi tunapokwama, si kwenye hesabu bali kwenye kusema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu anamficha mkewe, anamficha mwenye nyumba, mwisho anajificha mwenyewe kwenye pombe. Ukisema, utapata hata wa kukuonyesha shamba la kukodi Mwamkulu. Ukinyamaza, nani atajua kwamba unahitaji?

KALAMU ZETU

Namalizia na nyinyi wenzangu mnaoshika kalamu. Vitabu vya madini vinaitaja Mukwamba. Vimeandika mawe ya aina gani, yako kina gani, yana fedha kiasi gani. Hivyo ni vizuri. Lakini jiwe halina mke wala deni dukani. Wale waliotoka mgodini mwaka 1960 walikuwa navyo vyote viwili, na aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka ule leo ameshavuka 80. Sisi tunahangaika kutunga riwaya za majambazi wa New York ambako hatujafika, wakati riwaya imeketi kwenye kigoda mtaa wa pili, inaota jua.

Basi mwendee mzee huyo. Msalimie kwa adabu, mpelekee sukari kidogo, ukae naye. Usimuulize mgodi ulitoa tani ngapi. Usimuulize hata siku ya kufungwa ilikuwaje, maana siku ya msiba kila mtu anaikumbuka. Muulize hivi: "Babu, ile siku ya pili yake, ulipoamka, ulifanya nini?"

Kisha nyamaza, uandike.