Ugonile? Kipimo cha Usalama Rungwe

Kaunta buku langu la matukio, nilipokuwa mtendaji wa kijiji si mbali na mji wa Tukuyu, lilikuwa na safu tatu: tarehe, tukio, hatua iliyochukuliwa. Kila miezi mitatu nililibeba hadi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nikasoma taarifa ya ulinzi na usalama. Robo moja nilisoma kwa fahari kabisa: wizi, hakuna; ugomvi, hakuna. Bibi mmoja akainuka, kitenge chake kikichuruzika maji ya mvua.

"Mwanangu, kuku wangu saba hawapo. Sikuja kwako, maana mwaka jana nilikuja, na mwizi akafika nyumbani kabla yangu."

Wanawake waliokaa naye wakaitikia kwa kichwa. Nilifunga daftari.

Tangu siku ile nikawa nawauliza wazee: kabla ya daftari, mlijuaje kwamba kijiji ni salama? Jibu limo katika salamu yetu. Mnyakyusa akikuamkia asubuhi husema "Ugonile?", yaani, umelala? Na usingizi huo ulilindwa. Wavulana wa miaka 10 au 11 walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda pembeni, wakachunga pamoja, na walipooa wakabaki kuishi humo humo. Vibanda vikawa kijiji cha rika moja. Ng'ombe walilala ndani, nyumba moja na watu. Ukipiga yowe usiku, waliokuja mbio ni wale uliochunga nao utotoni. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alivieleza vijiji hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company.

Aliyepimwa hasa alikuwa kiongozi. Amafumu, wakuu wa vijiji, waliaminiwa kuwalinda watu dhidi ya uchawi hata ndotoni. Maradhi yakizidi, wao ndio walioulizwa. Sisifii yote. Kipimo hicho kiliwaumiza wasio na kosa, na wapo waliohama kwa kushukiwa uchawi tu.

Wajerumani walipotoka Langenburg ya ziwani wakajenga boma hapa Tukuyu, wakapaita Neu-Langenburg. Usalama ukaanza kuhesabiwa kwa ajili ya aliye juu: kesi ngapi, wafungwa wangapi. Ardhi ikabana, vijiji vya rika vikafifia. Baada ya uhuru tukapata mabalozi wa nyumba kumi na mgambo, na baadaye kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji. Lakini hesabu ilibaki ileile ya boma, na hesabu hiyo huwaona walioripoti tu. Aliyekata tamaa huandikwa "hakuna".

Nikaongeza safu ya nne: wamelalaje? Nikapita nyumba kwa nyumba, nikianzia kwa yule bibi. Robo iliyofuata nilisoma matukio 11, na nikawaambia wazi kwamba hatukuharibikiwa: watu wameanza kutuamini.

Mtendaji mwenzangu, kabla hujaandika "hakuna", pita kwanza kwa wajane wanaokaa peke yao, uwaulize: ugonile?