Fuvu la Kalenga na Mifupa ya Sauli

Wengi wetu tuliosoma shule za Iringa tumewahi kupelekwa Kalenga kuliona fuvu la Chifu Mkwawa. Tulisimama mbele ya kioo, mwalimu akasimulia ushujaa, tukarudi nyumbani. Ni wachache kati yetu waliokumbuka siku hiyo kwamba fuvu lile ni la baba wa watoto, na kwamba nyumba yake ilipita katika maombolezo makubwa.

Tuanze na msiba wenyewe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliwashinda Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani waliibomoa ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa akaingia porini. Mwishoni mwa 1896 ndugu yake Mpangile aliwekwa na Wajerumani kuwa mtawala. Februari 1897 akauawa kwa amri ya Kapteni Tom Prince, akituhumiwa kumsaidia ndugu yake kwa siri. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, Mkwawa alijiua kwa bunduki. Kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa.

Msomaji wa Biblia ataikumbuka habari hii. Mfalme Sauli naye alishindwa vitani, akajiangusha juu ya upanga wake, na Wafilisti wakamkata kichwa. Watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kuufuata mwili wake. Hawakuuliza kwanza kama aliyejiua anastahili kuzikwa. Walikumbuka kwamba Sauli aliwahi kuwaokoa, wakamzika na kufunga siku saba.

Lakini Biblia haimsafishi Sauli. Inatuambia kwamba mikononi mwake kulikuwa na damu ya Wagibeoni. Sisi nasi tukisema kweli, hatuwezi kumlilia Mkwawa tukawasahau wengine. Wasangu walikwisha kuonja mkuki wa Wahehe na kusukumwa hadi Usafwa, karibu na Mbeya ya leo. Ndiyo maana walipokuja Wajerumani, Wasangu waliwaona kama msaada. Na wengi waliokufa Lugalo upande wa Zelewski walikuwa askari Waafrika, Wasudani na Wazulu, ambao mama zao hawakujua hata walikozikwa.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi wa Kanisa. Mwaka uleule wa 1891 wamisionari Wamoravian na wa Berlin walifika upande wa Rungwe na ziwa Nyasa, na baadaye Injili ikafika Uhehe. Waliotuletea Neno walitoka katika taifa lilelile lililokikata kile kichwa. Babu zetu walilipokea Neno huku majeraha yakiwa mabichi. Hatuna haja ya kulificha hilo. Neema ilifika kwa mikono ya wanadamu, na mikono ya wanadamu huwa na madoa.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu. Haikuwa hivyo. Miaka ikapita, mpaka Gavana Edward Twining alipolifuatilia katika jumba la makumbusho la Bremen. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa lilikabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Ilikuwa imepita miaka 56 tangu Mlambalasi. Hata leo kichwa kiko Kalenga na kaburi la mwili liko Mlambalasi.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli yumo mama aitwaye Rispa. Wanawe wawili waliuawa kwa sababu ya kosa la Sauli, wala halikuwa lao. Alitandika gunia juu ya mwamba, akawafukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha. Hakuhubiri wala hakumlaumu mtu. Alikaa tu na wafu wake. Habari ikamfikia Daudi, naye akaenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani, akaizika kwao. Ndipo Mungu akayasikia maombi ya nchi.

Tuuangalie mpangilio huo. Kukaa na msiba kulitangulia, kisha ukaja ukweli, kisha maziko ya heshima, na mwisho maombi yakajibiwa. Sisi mara nyingi tunaanzia mwisho. Nyumba ikipatwa na mauaji, au mtu akijiua, tunakimbilia kuwaambia wafiwa wasamehe na wasilie, na pembeni tunanong'ona kwamba ukoo ule una laana. Mjane anabaki akijiuliza usiku kama angeweza kuzuia, na hakuna anayemsikiliza.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akakutana na uzao wa Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha. Ilikuwa imepita miaka 117. Kama taifa kubwa limehitaji muda wote huo kulitamka neno moja, tumvumilie jirani yetu ambaye mwaka mmoja haujamtosha. Twende tukakae naye juu ya mwamba, mpaka mvua inyeshe.