Kotisoni na Aspirini: Habari ya Dawa za Baridi Yabisi

Leo tutazungumza juu ya dawa iliyowainua vitandani watu waliokwisha kata tamaa, na jinsi madaktari walivyoijaribu baada ya kuishangilia.

Ugonjwa wenyewe ni baridi yabisi. Sisemi maumivu ya mgongo ya mtu aliyelima kutwa. Nasema ule uvimbishao viungo vya mikono na miguu, vidole vikawa vigumu kila asubuhi, na miaka ikipita vikapindika. Marehemu bibi yangu alikuwa akifungwa kanga na wajukuu.

Mwaka 1929, katika hospitali ya Mayo mjini Rochester, Marekani, Dakta Philip Hench alikuwa na mgonjwa wa namna hiyo, naye mwenyewe ni daktari. Mtu huyu akashikwa na maradhi ya ini, macho na ngozi vikawa manjano, na mara maumivu ya viungo yakapungua. Maradhi mapya yamekuja, ya zamani yamepisha! Hench aliona pia kwamba wanawake wengi hupata nafuu wachukuapo mimba. Basi akaamini kuwa mwili wenyewe hutoa kitu kinachoutuliza ugonjwa huu. Hakukijua, akakiita kitu X.

Ilipita karibu miaka ishirini. Mwenzake, Edward Kendall, mtaalamu wa kemia, alikuwa akichunguza tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tarehe 21 Septemba 1948 mama mmoja wa miaka 29, ambaye kutembea kwake kulikuwa mateso, alipigwa sindano ya kwanza ya dawa ya asili ya tezi hizo. Siku chache tu, akajigeuza kitandani bila taabu. Baada ya juma moja alikwenda mjini kuzunguka madukani. Dawa ikaitwa kotisoni, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wa Uswisi wakapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini dawa ilipoachwa, ugonjwa ulirudi. Na walioendelea kuitumia kwa wingi, uso ulivimba ukawa wa duara, mifupa ikadhoofu, na wengine hata akili zikachafuka.

Ndipo madaktari wa Uingereza wakauliza swali ambalo katika furaha ile halikuulizwa: je, baada ya mwaka mzima mgonjwa huyu ana hali gani? Walichukua wagonjwa 61 ambao ugonjwa wao ulikuwa haujakaa siku nyingi. Watu 30 walipewa kotisoni, na 31 aspirini, ile ile ya dukani, ila kwa kipimo kikubwa. Nani apate ipi iliamuliwa kwa bahati, kama kupiga kura. Hapa sikilizeni vizuri. Daktari mwenye huruma angempa dawa mpya yule aliye hoi zaidi, na mwenye kupenda sifa angempa yule aliye karibu kupona. Kwa vyovyote hesabu ingepotoka. Kisha wakapima nguvu za mkono kushika, wepesi wa vidole, maumivu ya viungo, na damu.

Majibu yalitangazwa mwaka 1954. Baada ya mwaka mmoja, tofauti baina ya makundi mawili ilikuwa ndogo sana.

Wasidhani wengine kwamba kotisoni haikufaa kitu. Jamaa yake, prednisoloni, bado hutolewa kwa kipimo kidogo. Lakini ilibidi kutafuta dawa ya kuuzuia ugonjwa usiharibu viungo. Katika miaka ya 1980 methotreksati ilijaribiwa kwa njia hiyo hiyo ya bahati, safari hii ikilinganishwa na vidonge visivyo na dawa ndani, nayo ikashinda. Hata leo kwa wagonjwa wengi ndiyo dawa ya kwanza.

Ninyi mnaosikiliza kwa vikundi, jadilianeni swali hili: kwa nini wagonjwa wote 61 hawakupewa kotisoni?