Miwani Haisomewi kwa Barua Tupu

Mwaka 1671 miwani dazeni 22 ilipondwapondwa kwa nyundo juu ya Jiwe la London, jiwe la kale lililokuwa katika mtaa wa Cannon. Ilikuwa imekamatwa kwa mfanyabiashara mmoja, mwanamke aitwaye Elizabeth Bagnall. Chama cha Watengeneza Miwani kiliikagua, kikaiona mibovu, vioo na fremu, na baraza lake likaamuru ivunjwe hadharani. Chama hicho kilikuwa na hati ya Mfalme Charles wa Kwanza tangu mwaka 1629, na kwa hati hiyo kilikuwa na mamlaka juu ya kazi hiyo na juu ya wote walioifanya.

Kijana wa Kiingereza aliyetaka ufundi enzi hizo alikuwa mwanagenzi. Sheria ya mwaka 1563 ilimtaka akae kwa bwana wake miaka isiyopungua 7. Kwa fundi wa miwani alijifunza kusaga kioo, kukisugua hadi king'ae, na kukikaza katika fremu. Kupima macho hakukuwamo. Mnunuzi alijaribu miwani moja baada ya nyingine mpaka apate inayomfaa, mara nyingi kutoka kwenye trei ya mchuuzi anayepita mitaani. Ufundi wote ulikuwa mikononi, na mikono hufunzwa na mikono mingine.

Karne ya 19 iliivuruga hali hiyo. Sharti la miaka 7 lilifutwa mwaka 1814, lakini mabadiliko makubwa zaidi yalitoka kwa wanasayansi. Mwaka 1825 mwanaastronomia George Airy, ambaye jicho lake moja liliona mistari ya upande mmoja vizuri na ya upande mwingine kwa ukungu, alijibunia lenzi ya kurekebisha kasoro hiyo. Mwaka 1862 Herman Snellen wa Uholanzi akatoa lile bango la herufi zinazopungua ukubwa mstari hadi mstari, ambalo mpaka leo limetundikwa kwenye kuta za kliniki. Miaka 10 baadaye Ferdinand Monoyer wa Ufaransa akapendekeza dayopta kuwa kipimo cha nguvu ya lenzi. Fundi aliyejua kusaga tu akajikuta hajui hesabu za kazi yake mwenyewe. Chama cha Macho cha Uingereza, kilichoundwa mwaka 1895, kikaanza kutahini mwaka uliofuata.

Mtihani ukishawekwa, swali linalofuata ni la mahali pa kusomea. Kijana wa dukani katika mji mdogo hakuweza kuacha mshahara akahamie London. Njia ya kumfikia mtu wa namna hiyo ilikwishafunguliwa na fani nyingine kabisa. Mwaka 1840, serikali iliposhusha nauli ya barua hadi peni moja kwa nchi nzima, mwalimu Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato kwa posta: mwanafunzi hutuma zoezi, mwalimu husahihisha na kurudisha. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikaanza kuwatahini watu ambao hawakusoma katika vyuo vyake. Wasomaji wa Afrika Mashariki waliojiendeleza kwa njia ya posta, au kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1992, wataitambua njia hiyo.

Miwani yenyewe ilipata soko jipya tarehe 5 Julai 1948, Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanza na watu wakapewa miwani bila malipo. Mahitaji yalipita makadirio yote. Mwaka 1951 serikali ikaamua watu wachangie gharama za miwani na meno ya bandia, na Aneurin Bevan, mwasisi wa huduma hiyo, akajiuzulu uwaziri kwa sababu hiyo. Ni mara chache miwani imemwondoa waziri. Sheria ya mwaka 1958 ndiyo iliyoweka utaratibu: Baraza Kuu la Macho likaundwa, likafungua madaftari, wapimaji wa macho upande mmoja na wataalamu wa kutoa miwani upande mwingine. Hawa wa pili ndio tunaowazungumzia. Hawapimi ugonjwa. Wanachukua cheti cha vipimo na kukigeuza kuwa kitu kinachokaa puani.

Chama chao cha sasa, ABDO, kiliundwa mwaka 1986, na chuo chake kikafunguliwa mwaka 2001 huko Godmersham, Kent. Ni jumba la kifahari la zamani, mali ya kaka yake mwandishi Jane Austen katika zama zake. Picha ya jumba hilo imo kwenye noti ya pauni 10. Lakini wanafunzi hawaishi humo. Wameajiriwa katika maduka ya miwani kote nchini, wanasomea nyumbani jioni, wanatuma kazi zao, na kwa vipindi vifupi hukusanyika chuoni kwa mafunzo ya vitendo. Dukani kila mmoja ana msimamizi aliyesajiliwa, anayebeba dhamana ya anachofanya. Baraza linadai saa 1,600 za kazi mbele ya wateja kabla ya jina kuingia daftarini.

Ugawaji huo una busara. Kuna mambo yanayosafiri vizuri kwa karatasi. Kanuni ya Charles Prentice, mtaalamu wa miwani wa New York, ni mfano: zidisha nguvu ya lenzi kwa sentimita ambazo kitovu chake kimeihama mboni, upate kiasi ambacho mwanga unapindishwa. Lenzi ya dayopta 6 iliyokosea kwa milimita 5 inaleta prizimu ya 3, inayotosha kumtesa mvaaji kwa maumivu ya kichwa. Hesabu hiyo inafundishika popote penye taa na kalamu. Lakini pua iliyowahi kuvunjika, masikio yasiyolingana, mzee anayeitikia "ndiyo" kwa kila swali ili asisumbue, hayo hayatumwi kwa barua. Anayeshikilia kuwa elimu ya mbali iliua uanagenzi hajaitazama fani hii. Kwa maoni yangu iliuokoa: ilimwacha kijana pale pale alipokuwa, kando ya fundi, ikamwongezea vitabu.

Thamani ya usimamizi ilipimwa mwaka 1984. Serikali ya Margaret Thatcher, ikitaka ushindani wa bei, iliondoa haki ya pekee ya waliosajiliwa, na tangu hapo mtu yeyote angeweza kumuuzia mtu mzima miwani kwa cheti cha vipimo. Makundi mawili hayakuguswa. Nchini humo, watoto wa chini ya miaka 16 na watu waliosajiliwa kuwa na upofu au uoni hafifu bado lazima wahudumiwe na mtaalamu aliyesajiliwa au daktari, au chini ya usimamizi wake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuikunja fremu ya mtoto, mradi msimamizi wake yupo.