Mkunjo Haudanganyi: Njia za Kuujua Ususi wa Kale

Barabara itokayo Morogoro kwenda Kisaki, ikiisha kuzunguka miguu ya mashariki ya milima ya Uluguru, hupita Matombo, mahali palipopewa jina kwa neno la Kiluguru lenye maana ya matiti, kwa kuyafananisha maumbo ya mlima ulio juu yake. Hapo nilimkuta bibi mmoja ameketi barazani, chane za ukindu zimelowekwa katika bakuli ubavuni pake, na ukili umejikunja mapajani. Nikamwamkia shikamoo, naye akaniitikia marahaba. Nikamweleza kwamba natafuta chanzo cha kuaminika cha kujifunza jinsi wahenga wetu walivyosuka na kufuma. Hakunijibu. Alishika ncha ya ukili aliokwisha kusuka, akaufumua kiasi cha shubiri moja, akanitia mkononi, akasema, “Haya, mjukuu wangu, urudishe.”

Kabla sijasimulia yaliyonipata, yafaa tutenganishe sanaa mbili ambazo watu huzichanganya. Kusuka ni kazi ya vidole: chane hupishana juu na chini hata ukatoka ukili mrefu, nao hushonwa ukingo kwa ukingo kwa shazia mpaka ukawa mkeka. Kufuma kwataka chombo, kwa kuwa nyuzi za mtande sharti zikazwe, kisha mshindio upitishwe kati yake na kushindiliwa. Ukindu huoza na pamba huoza, na kwa sababu hiyo mwenye kutaka habari za karne za kati katika nchi yetu ya joto na unyevu hulazimika kuzitafuta kwa mashahidi wa namna mbalimbali, kila mmoja akimhoji kwa hadhari.

Shahidi wa kwanza ni ardhi. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 alieleza, miongoni mwa mengi, vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo vilikuwa uzito wa vijiti vya kusokotea uzi. Uzi wenyewe haupo, lakini kigae chathibitisha kwamba ulisokotwa. Wasafiri nao huunga mkono ushahidi wa ardhi: Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa hata Misri. Naye Mreno Duarte Barbosa, katika muongo wa pili wa karne ya 16, alisimulia jambo lililo kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa sanaa hii: kwamba Waislamu wa Sofala, waliokuwa wakilima pamba na kufuma nguo nyeupe, walikuwa wakizifumua nguo za rangi zilizotoka Cambay huko Bara Hindi, wakazichanganya nyuzi zile na zao wenyewe, na kufuma nguo mpya.

Wazungu nao, ambao ardhi yao ya baridi imehifadhi zaidi, wamepita njia hiyo hiyo ya kuihoji ardhi. Katika merikebu iliyozikwa Oseberg, Norwe, mwaka 834, na kuchimbuliwa mwaka 1904, vilionekana vibao vidogo 52 vyenye matundu, nyuzi zingali ndani yake na utepe haujamalizwa. Vibao hivyo huzungushwa, na kila mzunguko hufungua njia mpya ya mshindio. Miaka mitatu kabla ya uchimbuzi ule, Margarethe Lehmann-Filhés alikuwa amekwisha kutoa kitabu Berlin juu ya ufumaji huo, naye aliufikia kwa kuchunguza ufumaji wa Iceland.

Shahidi wa pili ni maneno. Misheni ya Matombo iliasisiwa mwaka 1897 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile la Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa Paris katika mafungu mawili, mwaka 1939 na 1941. Kabla yake walitangulia wamisionari Steere, aliyetoa kitabu cha Kiswahili mwaka 1870, na Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882. Katika vitabu vya namna hii msomaji hukuta kwamba kutarizi, ambako leo wengi wetu hukufahamu kuwa ni kazi ya sindano, kulikuwa pia ni kufuma ukingo juu ya nguo. Neno limebaki na mkunjo wake, japokuwa kazi imebadilika.

Shahidi wa tatu ni biashara, nayo ndiyo ya kuhojiwa zaidi. Msafiri Mwingereza Burton alipopita Zungomero, kusini mwa milima hii, mwaka 1857, nguo zilikuwa ndizo fedha za safari, na katika kitabu chake cha 1860 alizihesabu kwa majina: merikani iliyotoka Marekani, kaniki, barsati, debwani, sohari, subaya. Orodha ile ni hazina kwa anayetafuta biashara, lakini kwa anayetafuta ufundi ni mlango uliofungwa, maana bei huonekana ndani yake, vidole havionekani.

Nirudi barazani. Nilipoutazama ukili uliofumuliwa niliona kwamba kila chane ilikuwa na mikunjo midogo, iliyopishana kwa mpango, kila mmoja mahali ilipopita juu ya mwenzake au ilipozama chini. “Fuata mkunjo,” bibi akasema, “mkunjo haudanganyi.” Nikaufuata, nikasuka vidole viwili kwa jasho, nikaona fahari. Hapo nikafahamu kwa nini wafumaji wa Sofala waliijua nguo ya Cambay kuliko mabaharia walioileta: mabaharia waliibeba nzima, wao waliifungua.

Bibi aliupokea ukili, akaupitisha mkononi bila kuutazama, kidole gumba kikasimama kwenye chane ya nne.

“Hapa umekwenda juu,” akasema, na akaufumua tena.